Zawadi Inayopimwa

Kwa desturi za nyumba zetu, zawadi haipimwi mbele ya mtoaji. Mgeni akifika na kuku kwapani, mwenye nyumba humpokea kwa mikono miwili na kushukuru. Haulizi kuku ana umri gani, wala hamtii katika mizani. Mjukuu akimletea bibi yake maembe mawili, bibi hayageuzi-geuzi kutafuta lililooza. Sababu yake twaijua sote: anayeipekua zawadi huwa kama anaupekua moyo wa aliyeitoa. Wazee wetu walilisema jambo hili kwa maneno machache: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Lakini iko zawadi moja, kubwa kupita kuku na maembe, ambayo hukaguliwa kwa ukali tangu saa ile inapopokelewa. Hutazamwa kwa taa, hutazamwa kwa hadubini, huhesabiwa, huulizwa ilikotoka, na mara nyingi hukataliwa. Twasema habari ya konea, ile ngozi angavu iliyo mbele ya jicho kama kioo kilivyo juu ya uso wa saa, ambayo mtu aweza kuiacha baada ya kufa kwake ili ipandikizwe katika jicho la asiyeona. Je, ukaguzi huo ni wa haki? Tuseme mjane amekubali, katikati ya machozi yake, macho ya marehemu mumewe yachukuliwe. Baada ya siku chache aambiwa kwamba konea moja imefaa na ya pili haikufaa. Je, huko si kumrudishia zawadi mlangoni? Na ikiwa vipofu ni wengi na konea ni chache, nani aliyempa mwanadamu ruhusa ya kuchagua? Juma hili twapenda kuyafikiri maswali haya pamoja na wasomaji wetu, maana hayawahusu madaktari peke yao. Siku moja yaweza kubisha hodi katika nyumba yo yote.

Kwanza tuondoe shaka moja ya zamani. Wako Wakristo wanaodhani kwamba kuchukua sehemu ya mwili wa marehemu ni kumvunjia heshima, au hata kwamba siku ya ufufuko atasimama bila macho. Shaka hiyo ilikwisha jibiwa. Tarehe 28 Februari 1956, Padre Carlo Gnocchi alifariki huko Milano, Italia. Wakati wa vita kuu alikuwa padre wa askari, na baada ya vita alijitoa kuwatunza watoto waliolemazwa na mabomu. Alipoona kifo kinakaribia, aliagiza konea zake wapewe vijana wawili wasioona. Sheria ya Italia ilikuwa bado haijalipanga jambo hilo, lakini daktari alilitimiza agizo lake, na vijana wale, mvulana na msichana, wakapata kuona. Haikutimia miezi mitatu, Baba Mtakatifu Pio XII akazungumza, tarehe 14 Mei 1956, na watoaji wa konea pamoja na vipofu na madaktari wa macho. Alifundisha kwamba tendo hilo si kosa juu ya marehemu, mradi mwili wake utendewe kwa heshima na ridhaa ipatikane kwa wenye haki ya kuitoa. Tena kwamba ni tendo la hiari, asilazimishwe mtu. Mwaka uliofuata Italia ikatunga sheria yake, na mwaka 2009 Padre Gnocchi akatangazwa kuwa Mwenye Heri. Kuhusu ufufuko, Mungu aliyemwumba mtu kwa mavumbi hatashindwa kwa ajili ya ngozi ndogo iliyobaki katika jicho la jirani.

Basi, kwamba yafaa kutoa, hatubishani tena. Swali letu ni la yule anayepokea na kupima.

Asiyeijua kazi ya mwenzake ni mwepesi wa kumlaumu. Kwa hiyo tuieleze kidogo. Konea ya mtu mzima ina unene wa kama nusu milimita katikati yake, na upana wa milimita 11 au 12. Haina mishipa ya damu, na hiyo ni sababu mojawapo ya ung'avu wake. Upande wa ndani imetandikwa safu moja tu ya chembe hai, zilizobanana kama vyumba vya sega la nyuki. Usiku na mchana chembe hizo huyasukuma nje maji yanayojipenyeza katika konea. Zikiwa za kutosha, konea hubaki angavu; zikipungua mno, konea huvimba na kuwa na ukungu, na mwenye jicho huona kama mtu achunguliaye kupitia karatasi yenye mafuta. Tena chembe hizi katika binadamu zikifa hazizaliwi nyingine kushika nafasi zao. Mtoto mchanga huwa nazo zaidi ya 3,000 katika kila milimita moja ya mraba. Mtu mzima huwa nazo kama 2,500. Zikishuka karibu na 500, konea haiwezi tena kujitunza. Upasuaji wenyewe huziua nyingi, na miaka inayofuata huendelea kuzipunguza. Ndiyo maana benki nyingi za macho hutaka konea iwe na chembe kama 2,000 au zaidi kabla ya kuitoa kwa upandikizaji wa konea nzima. Idadi hiyo ni akiba ya safari. Mtu anayevuka pori hapimi maji ya kumfikisha nusu ya njia.

Kazi ya mkaguzi huanza kabla ya hadubini. Husoma habari za maradhi ya marehemu na jinsi alivyokufa. Damu hupimwa UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Konea, iliyochukuliwa mapema baada ya kifo, hutiwa katika chupa ndogo yenye maji ya dawa ya kuitunza. Zamani, macho yalipohifadhiwa katika chombo chenye unyevu na baridi tu, daktari alikuwa na siku moja au mbili, naye alilazimika kukimbia. Leo konea yaweza kukaa hadi siku 14 katika dawa yenye baridi. Na katika nchi nyingi za Ulaya huitunza kwa joto linalokaribia lile la mwili, hata kufikia kama majuma manne. Muda huo umempa mkaguzi nafasi ya kutazama kwa utulivu. Kwa taa yenye mwali mwembamba hutafuta makovu, mikunjo, na alama za upasuaji wa zamani. Ile pete nyeupe inayoonekana katika macho ya wazee haimtishi, maana haizuii kazi. Kisha huiacha chupa ipate joto la chumba, huiweka chini ya hadubini, na kuanza kuhesabu. Akimaliza huandika alichokiona, na karatasi ile husafiri pamoja na chupa mpaka kwa daktari mpasuaji.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Tarehe 7 Desemba 1905, huko Olomouc, katika nchi ambayo leo ni Ucheki, daktari Eduard Zirm alimpandikiza konea mtu aliyepofushwa na chokaa. Alizipata katika jicho la mtoto wa miaka 11, ambalo lilikuwa limejeruhiwa na ilibidi liondolewe. Aliweka katika macho yote mawili ya yule mgonjwa: upande mmoja uliharibika, upande wa pili ukabaki angavu. Huo ulikuwa upandikizaji wa kwanza wa namna hiyo kufaulu kwa binadamu. Lakini tazama: konea ipi ingefaa na ipi isingefaa, ilijulikana baada ya kushonwa tu, na aliyelipa gharama ya kujua alikuwa mgonjwa mwenyewe. Benki ya macho ya kwanza ilianzishwa huko New York mwaka 1944, na tangu hapo kazi ya kukagua imeendelea kuhamishwa hatua kwa hatua, kutoka katika jicho la mgonjwa na kuingia katika chumba cha mkaguzi. Twaona kwamba huo peke yake ni ushindi wa upendo.

Sasa tujibu. Kupenda ni kumtakia mwenzako mema, si kutaka tu kuonekana umempa kitu. Zawadi ya konea haikutolewa ili ipokelewe kwa tabasamu. Imetolewa ili mtu aone. Anayeikagua, basi, hapingani na nia ya mtoaji, bali anaitumikia. Kama marehemu angeweza kusimama nyuma ya bega la mkaguzi, naye akaona kwamba konea yake itamrudisha kipofu hospitalini baada ya mwaka mmoja, akiwa na maumivu na jicho lililo gumu zaidi kuponywa kuliko mwanzo, je, angesema, "Ipeleke tu, nisije nikaaibika"? Hatudhani. Mkaguzi anayesema "hii haifai" anasema neno ambalo mtoaji mwenyewe angelisema kama angelikuwa na hadubini.

Hata katika Maandiko zawadi zilikaguliwa. Katika Agano la Kale mnyama wa sadaka ilimpasa awe mzima, asiye na kilema. Na nabii Malaki aliwakemea vikali wale waliopeleka altareni mnyama kipofu na kilema, akawauliza kama wangethubutu kumpelekea liwali wao mnyama wa namna hiyo. Tulishike swali hilo la liwali, maana tutalihitaji mbele.

Lakini hapa atasimama mtu na kutupinga, na hoja yake ina uzito. Atasema: Mchagua nazi hupata koroma. Uchunguzi mkubwa wa dunia uliotangazwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba watu milioni 12.7 walikuwa wakingojea konea, na kwamba ilipatikana konea moja kwa kila watu 70 wenye haja. Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba mwaka 2012 zilichukuliwa konea zipatazo 284,000, lakini waliopandikizwa walikuwa kama 185,000. Atasema: Hizo zilizobaki, karibu theluthi moja, si chakula kilichomwagwa mbele ya wenye njaa? Mwenye njaa hachagui ugali. Mpeni kipofu konea ya chembe 1,500. Nuru ya miaka mitatu ni bora kuliko giza la maisha.

Hatuwezi kumfukuza mpinzani huyu kwa kelele, maana anazungumza kwa huruma, tena sehemu ya neno lake ni kweli. Yatupasa tupambanue. Konea haifai au haikosi kufaa hivi hivi tu. Hufaa kwa kazi fulani. Yuko mgonjwa ambaye kidonda kimelitoboa jicho lake, na asipozibwa upesi atalipoteza lote. Kwake konea yenye chembe chache ni wokovu, maana haja yake ya leo ni ukuta, si dirisha. Yuko kijana ambaye konea yake imechongoka mbele na kuharibu umbo, lakini chembe za ndani ni nzima; huyo aweza kuwekewa tabaka za mbele tu, na hesabu ndogo ya chembe za mtoaji haimdhuru. Yuko mzee ambaye ugonjwa wake uko katika ile safu ya ndani peke yake. Huyo aweza kupewa safu ya ndani kutoka konea yenye kovu mbele. Mkaguzi mwema, basi, hana masanduku mawili tu, la kupokea na la kutupa. Hujiuliza: hii yaweza kumfaa nani? Hapo mpinzani wetu ameshinda nusu ya kesi, nasi twafurahi kushindwa.

Lakini nusu ya pili hatumwachii. Kipimo chaweza kubadilika kwa sababu ya ugonjwa. Hakiwezi kubadilika kwa sababu ya mfuko wa mgonjwa. Hapa ndipo swali la Malaki linaporudi. Tuseme konea imekataliwa katika mji wa matajiri, si kwa sababu haifai kwa ugonjwa fulani, bali kwa sababu ni dhaifu. Kisha ikafungwa vizuri, ikapelekwa katika nchi maskini pamoja na barua ya ukarimu, ipandikizwe kwa ugonjwa ule ule ambao kwao imekataliwa, na mgonjwa asiambiwe. Je, huo ni ukarimu? Kile usichothubutu kumpelekea liwali, usimpelekee mkulima ukakiita sadaka. Kama daktari wa nchi maskini ameelezwa hali ya konea ile, na mgonjwa ameelezwa kwa lugha yake mwenyewe nini aweza kutumaini na kwa muda gani, naye amekubali kwa hiari, jambo ni jingine kabisa. Mtu mzima ana haki ya kuchagua nuru fupi kuliko giza refu. Dhambi haimo katika udogo wa zawadi. Dhambi imo katika kuuficha udogo huo kwa yule atakayeubeba machoni mwake.

Jambo hili si la mbali nasi. Katika Afrika ya Mashariki makovu ya konea yameletwa na vikope, na surua iliyowakuta watoto wenye upungufu wa vitamini A, na majeraha ya shambani, na dawa za kienyeji zinazotiwa machoni bila kipimo. Na konea nyingi zinazopandikizwa katika nchi zetu hutoka ng'ambo. Sisi, basi, tuko upande wa wapokeaji. Ni haki yetu kuuliza kwa adabu, "Konea hii imepimwaje?", wala kuuliza hivyo si kukosa shukrani. Lakini yafaa tujiulize na swali la pili: mpaka lini tutakuwa wapokeaji tu? Kisiwa cha Sri Lanka si nchi ya matajiri. Lakini huko daktari Hudson Silva alianzisha chama cha kutoa macho mwaka 1961, na watu wa kisiwa hicho, ambao wengi wao ni wafuasi wa Buddha, wamepeleka konea kwa mataifa mengi. Wala tusisahau kwamba konea iliyo bora kuliko zote ni ile ambayo mtoto alizaliwa nayo. Chanjo ya surua, mboga za majani, uso ulionawishwa na kidonda cha jicho kilichowahishwa hospitalini, hizo nazo ni sadaka za macho, na hazihitaji mtu afe kwanza.

Tuseme sasa neno juu ya mkaguzi mwenyewe, maana kishawishi chake ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Yuko peke yake chumbani. Amehesabu, akapata 1,850. Simu inalia: daktari yuko tayari, mgonjwa amesafiri siku mbili, ameuza ng'ombe kwa ajili ya nauli, hajala tangu jana usiku. Mkaguzi ajua kwamba akisogeza hadubini kidogo na kuhesabu mahali palipo na chembe nyingi zaidi, ataweza kuandika 2,000, na hakuna mtu atakayejua. Moyo wake wamwambia kwamba hiyo ni huruma. Sisi twasema sivyo. Akiandika 1,850, anamwachia daktari na mgonjwa uamuzi ulio wao. Pengine wataahirisha, pengine watakubali. Akiandika 2,000, amewanyang'anya uamuzi huo, akaamua peke yake juu ya jicho lisilo lake. Wenye macho hawaambiwi tazama, yasema methali; lakini mgonjwa yule hana macho, na daktari hakuwapo pale hadubinini. Wote wawili wanaona kwa macho ya mkaguzi. Mtu anayeonea wengine hana ruhusa ya kuona anachokitaka.

Ukweli huo huo wadaiwa na jamaa wa marehemu, na hapa twaomba wasomaji wetu watusikilize kwa makini. Katika mila zetu nyingi ugonjwa uliomwua mtu hufichwa; husemwa "alishikwa na homa," na mambo huishia hapo. Twaielewa haya hiyo. Lakini mwaka 1979 madaktari wa Marekani walitangaza habari ya mgonjwa aliyepandikizwa konea, kisha akafa kwa kichaa cha mbwa, kwa sababu aliyemtolea alikuwa amekufa kwa ugonjwa huo bila kutambuliwa. Katika kisa kile hakuna aliyeficha, haikujulikana tu. Fikiri basi uzito wa kuficha kile kinachojulikana. Anayeulizwa maswali siku ya msiba, juu ya maradhi ya marehemu na maisha yake, asidhani anatukaniwa mtu wake. Jibu lake la kweli ni sehemu ya zawadi, sawasawa na konea yenyewe. Na kama jibu hilo litaizuia zawadi isipokelewe, bado limemwokoa mtu.

Kwa upande mwingine wako wanaojihukumu kabla ya kuhukumiwa. "Mimi mzee, macho yangu yamechoka." "Mimi navaa miwani." "Mimi nina mtoto wa jicho." Hao nao wamekosa, ingawa kwa unyenyekevu. Miwani si kizuizi, na mtoto wa jicho si kizuizi, kwa maana huo uko nyuma ya mboni, katika kioo cha ndani, wala si katika konea. Na kuhusu umri, uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani, ulioanza mwaka 2000 kwa wagonjwa zaidi ya 1,000, ulilinganisha konea za watoaji wenye umri wa miaka 12 hadi 65 na zile za wenye miaka 66 hadi 75. Baada ya miaka mitano zilizodumu zilikuwa asilimia 86 katika kundi hili na asilimia 86 katika kundi lile. Babu na bibi wasijitoe wenyewe katika orodha ya wenye kufaa. Kupima ni kazi ya mkaguzi. Kazi ya mtoaji ni kutoa.

Twabaki na yule mjane tuliyeanza naye, ambaye konea moja ya mumewe haikutumika. Tumwambie nini? Tusimwambie uongo kwamba zote mbili zilifaa, maana zawadi ya kweli haistahili kulipwa kwa uongo. Tumwambie kwamba hata konea isiyofaa kupandikizwa yaweza, akiridhia, kuwafundisha madaktari vijana mikono yao, au kusaidia uchunguzi wa maradhi. Na isipotumika hata kwa hayo, hustahili kuwekwa kwa heshima kama sehemu ya mwili wa mtu aliyebatizwa au wa mtu ye yote. Na tumkumbushe habari ya Abrahamu. Alimpandisha mwanawe mlimani, akaweka kuni, akanyosha mkono. Na mtoto hakuchinjwa. Je, ye yote amepata kusema kwamba Abrahamu hakutoa? Sadaka ile haikupokelewa mikononi, lakini ilipokelewa yote. Kilichohesabiwa kwa mume wa mjane huyu si chembe za jicho lake. Hadubini hupima konea. Moyo haina uwezo wa kuupima, wala hakuna mtu aliyeomba ifanye hivyo.

Tukusanye basi tuliyoyasema. Zawadi ya konea yaweza kukaguliwa, tena yapasa ikaguliwe, kwa sababu imetolewa kwa ajili ya jicho la mtu na si kwa ajili ya sifa. Kipimo chake kifuate ugonjwa, kisifuate utajiri. Mkaguzi aandike alichokiona, jamaa waseme wanachokijua, mgonjwa aelezwe atakachokibeba. Na aliyetoa, zawadi yake ikikubaliwa au isikubaliwe, ametoa.

Ndugu wasomaji, jambo hili halifai kuamuliwa usiku wa msiba, watu wakiwa wamechanganyikiwa na jeneza linatafutwa. Lizungumzeni mkiwa wazima, jioni moja baada ya chakula, baba na mama na watoto walio wakubwa. Anayetaka kutoa aseme wazi, na wenzake wasikie. Asiyetaka asilaumiwe, maana hiari ndiyo mzizi wa tendo lenyewe. Na siku ile mkaguzi atakapowasha taa yake na kuinama juu ya chupa ndogo, kazi ya nyumba yenu itakuwa imekwisha kutimia, hata kabla hajaanza kuhesabu.